Vifaa vya kubadilishia tairi la pikipiki nyumbani: cha kununua na cha kuacha dukani

Swali, kutoka kwa msomaji wa Arua: "Nina Boxer 100 mbili za bodaboda. Moja ina rimu za spoku, nyingine ina rimu za aloi. Pancha haziishi, na tyubu ikitoka kuzibwa mara nyingi inaanza tena kupoteza upepo baada ya siku mbili. Nimeamua kazi hii niifanye mwenyewe nyumbani. Dukani wananionyesha leva ndefu za chuma, mashine ya mkono ya kubandulia tairi, na kompresa ndogo ya volti 12. Pesa yangu si nyingi. Nianze na nini? Tena mdogo wangu ana pikipiki kubwa yenye tairi lisilo na tyubu. Je, vifaa hivyo hivyo vitamfaa?"

Jibu: Ndugu yangu, anza na leva tatu fupi, geji ya upepo inayosema kweli na pampu ya mguu. Mashine ya kubandulia iache huko huko dukani. Kompresa isubiri kwanza, na ya mdogo wako tutaifikia, kwa sababu tairi lake ni jambo lingine kabisa.

Boxer 100 kwa kawaida inavaa tairi la 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Usiniamini mimi, soma ubavuni mwa tairi lako, maana pikipiki ya mkono wa pili huenda aliyekuwa nayo alishabadilisha. Likiwa ni saizi hiyo, basi una tairi jembamba lenye tyubu, na tairi la namna hiyo mdomo wake hubanduka kwa kisigino cha buti. Mdomo ni ile sehemu nene yenye waya ndani, inayokaa kwenye rimu. Mashine ya kubandulia ilitengenezewa tairi pana linaloshika rimu bila tyubu. Kwa 3.00-17 ni pesa ya bure.

Kabla ya kuchagua leva, tazama rimu yako tupu. Katikati pana bonde linalozunguka rimu nzima, lenye kina kuliko kingo mbili ambako mdomo wa tairi hukaa. Bonde hilo ndilo chombo chako kikubwa, na halinunuliwi. Waya wa ndani ya mdomo hauvutiki hata kidogo, kwa hiyo tairi haliwezi kupanuka livuke ukingo wa rimu. Linavuka kwa sababu upande wa pili mdomo umeshuka bondeni, ukaachia nafasi huku unakofanyia kazi. Ukiona unahitaji nguvu nyingi, ujue upande wa pili umepanda ukingoni. Mafundi wengi wa kando ya barabara wanajibu tatizo hilo kwa leva ndefu zaidi. Leva ndefu hushinda, ni kweli, lakini inashinda kwa kukata waya wa mdomo, kupinda ukingo wa rimu au kubana tyubu.

Ndiyo maana nasema fupi. Sentimita 25 hadi 30 zinatosha kabisa kwa inchi 17. Ukiwa na leva ya urefu huo, mkono wako unahisi mapema kwamba kitu kimekwama. Ukiwa na mtaimbo wa sentimita 50, utahisi baada ya kitu kuvunjika. Ncha iwe bapa, upana wa sentimita mbili hivi, imepinda kidogo mfano wa kijiko, na kingo zake ziwe za mviringo pande zote. Nunua tatu. Ya kwanza inashikilia, ya pili inatafuna sentimita nne au tano mbele yake, ya tatu inachukua nafasi wakati unaihamisha ya pili. Ukiwa na mbili tu, kila ukiondoa moja mdomo unarudi, na hapo ndipo mtu huchukua bisibisi. Bisibisi haina kazi hapa, hata ile kubwa. Ncha yake imekatwa pembe mraba, na pembe hiyo ikifika kwenye tyubu, imetoboa.

Leva za dukani zilizong'arishwa kwa kromu huonekana nzuri, lakini zipo zinazopinda kwa tairi la kwanza. Kama Arua hupati nzuri, mtafute mhunzi akufulie kutoka kwenye springi ya lori lililochakaa. Chuma hicho kinapinda kikarudi. Kampala kazi hiyo hufanywa sana Katwe, na mahali popote penye wafua chuma wanaijua. Kataa kitu kimoja tu: nondo ya ujenzi iliyopondwa ncha. Ni laini, inabaki imepinda, na ile mistari yake inakwaruza tairi na rimu kila inapoteleza. Leva ikishatengenezwa, isugue kwa tupa halafu msasa mkavu, kisha chukua kaveera (mfuko wa plastiki) jembamba, litandaze kwenye kiganja, na buruta ncha ya leva juu yake pande zote nne. Kaveera likikwama au likichanika, tyubu nayo ingechanika. Rudi kwenye msasa.

Kwa ile pikipiki ya rimu za aloi utahitaji kinga za ukingo, maana aloi huchubuka na kubonyea kuliko chuma. Hizi usinunue. Kata vipande viwili vya jerikani ya zamani, kila kimoja upana wa sentimita sita na urefu wa kumi na mbili hivi, vikunje katikati vikumbatie ukingo, na leva ipite juu yake. Mpira wa maji uliopasuliwa kwa urefu unafanya kazi hiyo hiyo. Toboa tundu, funga kamba, vinginevyo kipande kitaingia ndani ya tairi nawe hutajua.

Sasa geji. Hapa ndipo ningeweka pesa ya ziada kama ningelazimika kuchagua. Kupima kwa kidole gumba au kwa kupiga teke hakukwambii kitu. Tairi la psi 18 na la psi 28 huonekana sawa pikipiki ikiwa kwenye stendi. Kwa Boxer, upepo unaotajwa na mtengenezaji ni psi 25 mbele, na nyuma psi 28 ukiwa peke yako au 32 ukibeba abiria. Thibitisha kwenye kitabu au kibandiko cha pikipiki yako. Kwa vipimo hivyo, geji inayoishia psi 60 inakufaa. Ile ya mafundi wa malori inayofika 150 au zaidi haikufai, kwa sababu geji nyingi za mshale hukosea zaidi mwanzoni mwa kipimo, na namba zako zote ziko mwanzoni. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Likiwa limekimbia juani, upepo hupanda wenyewe, na ukiupunguza hapo, kesho utakuta pungufu.

Upepo pungufu unaleta matatizo mawili ambayo watu huyaita pancha. Ubavu hujikunja sana, joto linapanda, tyubu inasuguliwa. Halafu ukishika breki, tairi linateleza kidogo juu ya rimu na kuivuta tyubu pamoja nalo, lakini valvu imeshikwa na tundu la rimu. Ukiona valvu imelala badala ya kusimama wima, tairi limeshatembea. Toa upepo, rudisha mahali pake leo hii, maana kinachofuata ni valvu kung'oka shinani, na hapo hakuna kiraka.

Pampu: ya mguu, silinda moja, yenye kichwa cha kubana kwa kishikizo. Ijaribu dukani kwenye valvu ya pikipiki, usikubali kuuziwa kwenye boksi. Pampu nyingi za baiskeli zetu za mizigo zina mdomo wa valvu ya baiskeli ambao haushiki valvu ya pikipiki, na kiunganishi cha kugeuza huvuja. Geji iliyobandikwa kwenye pampu ichukulie kama makadirio, kipimo chako ni ile geji nyingine.

Kompresa ya volti 12 nimesema isubiri kwa sababu moja. Hizo ndogo za gari huvuta ampea 8 hadi 15, na betri ya Boxer 100 ni ndogo mno kwa mzigo huo. Ukiunganisha kwenye nyaya za pikipiki unaunguza fyuzi. Ukiunganisha moja kwa moja kwenye betri unaimaliza, na sahani za ndani haziishi sana kwa mtindo huo. Ukiwa na betri ya gari au ya sola nyumbani, basi ni kifaa kizuri. Bila hiyo, mguu wako unatosha. Tairi la 3.00-17 halina nafasi kubwa ndani.

Vitu vidogo vilivyobaki ni hivi, na vyote kwa pamoja havifiki bei ya ile mashine: kifunguo cha pini ya valvu pamoja na pini mbili za akiba, kwa kuwa pini iliyochakaa huvuja polepole na kumfanya mtu afungue tairi bure; spana ya ekseli na ya nati ndogo ya breki, ukipima kwanza nati zako kabla ya kwenda sokoni, kwa maana duka litakupa seti nzima ya spana kumbe unahitaji nne; sabuni ya mche iliyoyeyushwa kwenye maji na sponji; poda ya watoto; msasa, solusheni na viraka. Sabuni usibadilishe kwa oili, grisi wala dizeli. Mafuta ya petroli hula mpira, na tena hayakauki, kwa hiyo yanaacha mdomo ukiteleza kwenye rimu, na tumeshaona valvu inafanywa nini na tairi linaloteleza. Maji ya sabuni hukauka baada ya kazi na kuacha mdomo umeshika.

Pa kulazia gurudumu, omba tairi bovu la gari dogo kwa fundi yeyote. Gurudumu likilala juu yake, ngoma ya breki inaingia kwenye tundu na haigusi mawe, na habu haipigwi chini. Wanaouza stendi maalumu za kubadilishia tairi hawatapenda niseme hivi.

Kuinua, Boxer ina stendi ya kati, kwa hiyo nyuma ni rahisi. Kwa mbele weka gogo au kipande kinene cha mbao chini ya injini, si chini ya bomba la moshi, na mtu akalie kiti cha nyuma au weka mzigo. Matofali usiyatumie. Tofali la udongo hupasuka bila taarifa.

Kutoa gurudumu la nyuma: legeza nati ya ekseli pikipiki ikiwa bado imesimama kwa magurudumu yake, halafu ndipo uweke stendi. Fungua nati ya kurekebishia breki kwenye fimbo yake, kisha nati ya ule mkono wa chuma unaounganisha bamba la breki na fremu. Vuta ekseli, toa bushi, na kumbuka ipi ilikuwa upande upi. Bushi zikibadilishana, gurudumu linakaa upande. Katika pikipiki nyingi za Kihindi za kundi hili, sproketi na cheni hubaki mahali pake, gurudumu linachomoka kwenye raba za habu na kutoka. Ukivuta kidogo kushoto kulia litaachia. Zitazame raba hizo wakati zimo wazi. Zikiwa zimesagika, ndizo zinazofanya cheni igonge unapoachia mafuta.

Toa pini ya valvu, upepo wote uishe. Fungua nati ya valvu. Kanyaga ubavu wa tairi karibu kabisa na rimu, zunguka, geuza, rudia, mpaka mdomo uachie pande zote mbili. Paka maji ya sabuni. Anzia na leva karibu na valvu, na wakati huo huo piga goti upande wa mkabala ili mdomo uingie bondeni. Ingiza leva kina cha kushika mdomo tu. Ikizama zaidi inaifikia tyubu. Sentimita nne, sentimita nne. Baada ya theluthi moja ya duara, mdomo utafuata kwa mkono. Tyubu itolewe kuanzia upande wa mkabala wa valvu, valvu iwe ya mwisho.

Kabla hujaziba chochote, fanya uchunguzi, maana hapa ndipo siri ya hizo "siku mbili" zako. Tia tyubu upepo, itumbukize kwenye beseni, tafuta mapovu. Halafu ilaze juu ya tairi vile ilivyokuwa, valvu ikilingana na alama uliyoweka ubavuni kwa chaki, uone tundu limetazama wapi.

Tundu likiwa upande wa nje, unaogusa kashata za tairi (sehemu inayokanyaga barabara), ni mwiba, msumari au waya. Kitu hicho huenda bado kimo. Usipapase kwa kidole kwanza. Chukua pamba, pitisha ndani ya tairi polepole mzunguko mzima kwenda, kisha kurudi. Mahali nyuzi za pamba zitakaponaswa ndipo penyewe. Waya mwembamba wa matairi ya malori yaliyopasuka njiani hauonekani kwa macho, lakini pamba inauona. Ung'oe kwa koleo kutoka nje. Usipotolewa, kiraka kipya kitatobolewa pale pale, na fundi atasema kiraka ni kibovu.

Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba, kama meno ya nyoka, yana maana tairi liligonga shimo au jiwe likiwa na upepo mdogo, tyubu ikabanwa kati ya tairi na rimu. Dawa yake ni geji, si kiraka peke yake. Mkato mmoja ulioko upande wa ndani karibu na mdomo ni kazi ya leva, mara nyingi wakati wa kufungia. Mkato wa leva unaweza usivuje mara moja: mpira umebanwa bila kupita, unashikilia siku moja au mbili, kisha unaachia ukishapata joto na mzigo. Kwa maelezo yako, ningeanza kushuku hapa.

Tundu lililotazama katikati ya rimu, kwenye ile pikipiki ya spoku, ni kichwa cha spoku kilichopenya. Angalia utepe wa mpira unaofunika vichwa. Ukiwa umekatika au umesogea, weka mwingine, au kata mkanda kutoka kwenye tyubu kuukuu wenye upana wa bonde la rimu. Spoku iliyotokeza juu ya nati yake isuguliwe kwa tupa iwe sawasawa. Rimu ya aloi haina shida hii, ila kagua tundu la valvu, kingo zake wakati mwingine ni kali.

Kiraka kinachobanduka chenyewe, kina sababu tatu tu: hapakusuguliwa vya kutosha, palikuwa na maji, au solusheni haikuachwa ikauke. Sugua eneo kubwa kuliko kiraka mpaka ile ngozi inayong'aa iishe, hasa ule mstari wa kiungo cha tyubu, ambao lazima uwe umelala kabisa. Futa kwa kitambaa kikavu. Paka solusheni nyembamba, subiri dakika tano au zaidi mpaka ukigusa isinate kidoleni. Bandika, halafu kandamiza kwa nguvu kutoka katikati kwenda nje kwa mgongo wa leva. Watu wenye haraka hubandika ikiwa mbichi. Kiraka hicho hakimalizi wiki. Yale maji ya kijani ya kuzuia pancha yakiwa yamemwagwa ndani ya tyubu, usihangaike, nunua tyubu mpya, kwa sababu yanaendelea kuvujia kwenye tundu na solusheni haishiki.

Na usinunue tyubu kwa rangi ya boksi. Tyubu iliyoandikwa 2.75/3.00-17 inaingia mbele na nyuma. Ya inchi 18 kwenye rimu ya 17 itakunjika, na kila kunjo ni pancha ya mwezi ujao. Kwa sababu hiyo hiyo, tairi jipya lipewe tyubu mpya. Ile ya zamani imeshavutika na haitarudi umbo. Ukipata ya butili, ichukue hata kama bei imezidi kidogo, maana inashika upepo muda mrefu kuliko ya mpira wa kawaida.

Ukiwa dukani, soma pia tairi lenyewe. Baada ya saizi kuna namba na herufi, tuseme 50P. Namba 50 inamaanisha tairi hilo hubeba kilo 190 likiwa na upepo wake kamili, na P ni kasi ya kilomita 150 kwa saa. Tairi la 2.75-17 lenye 41 hubeba kilo 145. Kwa bodaboda inayobeba abiria na mzigo, tairi la nyuma lenye namba ndogo ni hasara hata likiwa na kashata nzuri. Tafuta pia tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 2423 maana yake wiki ya 24 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa juani mbele ya duka miaka mingi hupasuka ubavu likiwa halijaisha.

Kurudisha. Panga mshale wa ubavuni uelekee mbele gurudumu linapozunguka. Pakiwa na kidoa cha rangi ya njano, kiweke pale pale penye valvu. Paka poda ndani ya tairi na juu ya tyubu, mpira usishikane na mpira. Tia tyubu upepo kidogo, kiasi cha kujiumba duara bila kuvimba. Huu upepo kidogo ndio unaoiokoa na leva, kwa maana tyubu tupu hulegea na kujilaza ukingoni. Valvu ipite tunduni, nati yake ishike nyuzi mbili tu juu kabisa, usiikaze. Anza kuingiza mdomo kwa miguu na mikono upande wa mkabala wa valvu na umalizie kwenye valvu, huku magoti yako yakiusukuma mdomo bondeni upande ulikoanzia. Sentimita kumi za mwisho ndizo zinazotoboa tyubu. Hapo usilazimishe. Simama, paka sabuni tena, zunguka ukikanyaga mpaka mdomo ushuke, ndipo uchukue leva, kipande kidogo kidogo. Mwishowe isukume valvu ndani kwa kidole kisha ivute, ili tyubu isibaki imebanwa chini ya mdomo.

Tia upepo hadi psi 10, toa wote, tia tena. Mara ya kwanza inainyoosha tyubu, mara ya pili inakaa bila kunjo. Sasa tazama ule mstari mwembamba ulioumbwa ubavuni mwa tairi, karibu na rimu. Uwe na umbali uleule kutoka ukingo wa rimu mzunguko mzima. Unapozama, mdomo haujapanda. Toa upepo, paka sabuni hapo, tia tena. Ukifika psi 40 na bado haujapanda, usiongeze. Kosa liko kwingine.

Unapofunga gurudumu la nyuma, nati ya ule mkono wa breki ndiyo ya kukagua mara mbili. Mkono ukisahaulika, siku utakapokanyaga breki bamba zima litazunguka na ngoma, fimbo itajikunja, na gurudumu litafunga ghafla barabarani. Kwa mbele, hakikisha bamba la breki limeingia kwenye kishikio cha foku, na kile kigingi cha mita ya kasi kimekaa kwenye nafasi yake kabla ya kukaza. Linganisha alama za kurekebishia cheni pande zote mbili, pima ulegevu wa cheni kwa kitabu chako, kaza ekseli, rudisha splitipini kama ipo, na kanyaga breki mara kadhaa gurudumu likizunguka. Pima upepo tena kesho yake asubuhi. Ukipungua zaidi ya psi mbili, anza na pini ya valvu: weka mate au povu la sabuni juu yake.

Nikirudi kwa mdogo wako. Tairi lisilo na tyubu linazuia upepo kwa mdomo wenyewe, kwa hiyo rimu yake ina vigongo viwili vinavyoufungia mdomo usishuke bondeni. Kisigino hakiutoi. Pale mashine ya kubandulia ina maana, au jiliwa kubwa lenye vipande viwili vya mbao, na leva zifike sentimita 40 kwa tairi pana. Hata hivyo kumnunulia vyote hivyo kwa ajili ya tairi moja au mawili kwa mwaka sioni faida. Kubadilisha tairi ampelekee mwenye mashine mjini, yeye anunue vifaa vya pancha tu: sindano ya kukwarua tundu, sindano ya kuingizia, mikia ya mpira na solusheni. Mkia unaingia bila kutoa gurudumu, mradi tundu liko kwenye kashata. Likiwa ubavuni, tairi limekwisha. Mikia hiyo wewe haikuhusu, kwenye tairi la tyubu haizibi kitu.

Kwake kompresa nayo ina kazi, kwa sababu mdomo ulioachia unahitaji upepo mwingi kwa mkupuo, na pampu ya mguu haifui dafu. Kabla ya kutia, atoe pini ya valvu ili upepo uingie kwa wingi, na afunge kamba au mkanda katikati ya kashata, auzungushe na kuukaza mpaka mdomo uguse rimu pande zote. Kila upande hulia ukipanda; ukisikia mlio wa pili, midomo yote miwili imepanda. Akate mkanda, arudishe pini, apime. Na akimwona fundi anamimina petroli ndani ya tairi ili awashe kiberiti likae kwa mlipuko, achukue gurudumu lake aondoke. Moto ule unaunguza utando wa ndani unaozuia upepo, na presha yake hakuna mkono unaoweza kuipunguza ikishawaka.